Kaburi la Nje ya Ua

Bomba la mafuta lilipita juu ya kaburi la Perez kwa sababu baba yake, Obiero, alisimama mbele ya baraza akasema kaburi hilo halipo. Hakuwa amelewa siku hiyo. Hakuwa amehongwa. Aliulizwa mchana kweupe, kwa lugha anayoijua, akajibu, na jibu lake likaandikwa.

Ilikuwa Septemba, mwaka wa tisini na mbili, katika kijiji kimoja cha Kano, hatua chache kutoka Ahero. Kulikuwa na kampuni iliyopewa kazi ya kuleta mafuta kwa bomba mpaka Kisumu, na bomba hilo lilikuwa lipite mashambani mwa watu. Amri ikatoka juu kwamba wenyeji wahusishwe. Chifu alilitamka neno hilo, kuhusishwa, mara nyingi hata watoto waliokuwa pembeni wakaanza kuliimba. Basi ikaundwa kamati ya wenyeji, wanaume saba. Mwenyekiti alikuwa Dishon, kaka mkubwa wa Obiero. Obiero mwenyewe akawekwa kuwa karani, kwa kuwa alifanya kazi ya reli miaka kumi na mmoja na anaandika Kiswahili bila kukwama. Kila mwanakamati alipewa fulana ya manjano. Obiero aliivaa yake palepale, juu ya shati.

Afisa wa ardhi wa kampuni aliitwa Gordon, kijana wa watu wa huku aliyekulia Nairobi. Alisimama juu ya benchi la kanisa lililoletwa nje, akashika fomu zake kifuani.

"Sisi hatukuja kubomoa," alisema. "Penye nyumba tutalipa. Penye mti tutalipa. Penye kaburi hatupiti. Bomba litakunja, liende kando. Lakini mimi siwezi kujua nani kalala wapi. Ninyi ndio mnajua. Kila mwenye boma asimame aseme, na akishasema, atie sahihi. Baadaye mtu asije akaniambia hakuulizwa."

Wanaume wakasimama mmoja mmoja. Huyu nyumba mbili, miti minne, makaburi matano. Yule nyumba moja na choo, kaburi moja. Zamu ya Obiero ikafika.

"Nyumba?"

"Moja, na jiko."

"Miti?"

"Sita."

"Makaburi ndani ya boma?"

"Mawili. La baba na la mama."

"Mawili tu?"

"Mawili."

Upande wa wanawake, waliokuwa wameketi chini na miguu imenyooshwa, Dorca mke wa Obiero akasimama.

"Mama, wakati wa maswali bado," chifu akamwambia.

"Sina swali. Nina hesabu."

Watu wakacheka. Chifu naye akacheka, akamgeukia Obiero. "Bwana karani, hebu tuambie. Huko kwako mwenye boma ni nani?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Obiero alihisi fulana ile mpya ikimbana shingoni. Alimtazama mkewe, akajua kabisa anataka kusema nini, na akajua kwamba akisema, halitafutika.

"Mama Anyango," akasema, "kaa chini."

Dorca hakukaa mara moja. Alisimama muda wa kutosha kila mtu amwone, ndipo akakaa. Wakati wa maswali haukufika. Gordon alikuwa na baraza jingine Awasi, na wingu lilikuwa limefunga upande wa ziwa. Wanaume wakatia sahihi, wasiojua kuandika wakabonyeza kidole, na kila mtu akakimbilia kwake.

Msichana akifa kabla ya kuolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Boma lile halikuwa lake. Lake lilikuwa liwe kwa mume. Huzikwa nyuma ya ua, udongo ukasawazishwa, na jina lake halitajwi hovyo mbele za watu. Perez alikufa mwaka wa themanini na nane, kwa homa ya siku nne, akiwa na miaka kumi na tisa. Tangu jioni ya mazishi watu waliacha kumwita mama yake Mama Perez. Wakamwita Mama Anyango, kwa jina la mdogo wake, kana kwamba mwanamke yule amezaa mara moja tu.

Kwa hiyo Obiero alipoulizwa makaburi, alihesabu kama baba yake angehesabu. Wala hakuwa peke yake. Wanaume thelathini na wanne walisimama siku ile, na hakuna hata mmoja aliyetaja msichana.

*

"Umehesabu vibaya," Dorca alimwambia jioni, akipepeta mtama jikoni.

"Nimehesabu inavyohesabiwa."

"Wewe uliulizwa na kampuni. Hukuulizwa na babu yako."

"Nimeulizwa ndani ya boma. Yeye yuko nje. Nimesema uongo gani?"

"Ungeongeza maneno manne tu. Nje kuna mmoja pia. Ungekufa?"

Obiero alivuta kigoda akaketi mlangoni. "Mama Anyango, nisikilize. Desemba watu wa Nyakach wanakuja kumposa mtoto wetu. Unajua wanavyochunguza. Unataka waambiwe kwamba dada yake anatajwa kwenye mabaraza ya serikali? Kwamba tuna msichana nyuma ya ua hata kampuni inamzunguka? Nani atachukua binti wa boma kama hilo?"

"Kwa hiyo yule amekufa ili huyu aolewe."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema. Mimi nimekusikia."

Obiero akasema polepole kwamba bomba lenyewe linapita mbali, upande wa Walter, hatua themanini kutoka uani kwao. Vigingi vyekundu alivishuhudia mwenyewe vikipigwa. Kama kutakuwa na shida, yeye ni karani wa kamati, atamvuta Gordon pembeni amweleze kwa siri, mtu na mtu.

"Utamweleza lini?"

"Nitamweleza."

Hakumweleza. Alikutana na Gordon mara tatu mwezi ule, na kila mara Dishon alikuwa karibu, au chifu, au Obiero alijiambia kwamba hatua themanini ni mbali.

*

Walter alikuwa jirani yao, fundi wa mashine, mtu wa maneno mengi. Miaka minne alikuwa akidunduliza, na sasa alikuwa na kinu cha kusagia unga ndani ya banda la mabati, kinu cha kwanza upande ule. Vigingi vya kampuni vilipita katikati ya banda.

"Watanilipa mabati," Walter alimwambia Obiero. "Kinu je? Msingi wake je? Wateja je, nitawabeba mgongoni? Hapana, omera, ndugu yangu. Wamesema wenyewe penye kaburi hawapiti. Basi mimi nitakuwa na makaburi."

Akachimba mwenyewe alfajiri. Akalaza vigogo vya migomba, akafukia, akajenga vichuguu vitatu vizuri, akapanda na maua. Kamati ilipofika na Gordon, Walter alivua kofia.

"Huyu ni babu. Huyu ni nyanya. Na huyu ni shangazi yangu, alinipenda sana."

Wanakamati waliinamisha vichwa, na Gordon akadhani ni heshima. Kila mmoja wao alijua shangazi huyo amezikwa Alego kwa mumewe, na wote walikula nyama ya matanga yake. Lakini nani amchome jirani kwa wageni? Obiero aliandika: makaburi matatu. Walipotoka hapo walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Hata kwenye kura wafu huandikishwa," Walter aliwaambia baadaye. "Wangu angalau wana kazi."

Baada ya wiki mbili ramani ikarudi kutoka Nairobi. Bomba limekunja. Vijana wa kampuni wakang'oa vigingi kwa Walter wakavipiga upya, safari hii nyuma ya boma la Obiero, sambamba na ua wa miti ya manyara. Hawakumuuliza mtu. Fomu ilikwisha sema kwa Obiero kuna makaburi mawili, yote ndani.

Dorca ndiye aliyeona. Alikwenda nyuma kufungua mbuzi, akakuta kigingi chekundu kimesimama pale. Alikishika kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa, akakileta mpaka mezani, akakiweka mbele ya sahani ya mumewe.

"Hatua themanini," alisema.

Walter alikuja kabla jua halijazama. Siku hiyo hakuwa na utani. Alisimama mlangoni na mikono yake yenye grisi.

"Mama Perez," alisema, na ilikuwa miaka minne tangu mtu amwite hivyo, "mimi nilidhani litakunja kwenda barabarani. Naapa. Sikujua litakunja kwenu."

"Basi twende ukawaambie vyako ni migomba," Obiero akasema.

"Wameshajua. Kuna mtu wa Awasi amewaambia, wametishia kunishtaki. Ningekushuhudia hata kesho, lakini nani ataniamini mimi kwa habari ya kaburi?"

*

Walifika ofisi ya kampuni, Kisumu, saa mbili asubuhi. Waliketi kwenye benchi la korido mpaka saa sita. Mhudumu wa chai alipita na sinia mara mbili. Mara ya pili Dorca alisogeza miguu ili apite, na kijana yule akasema, "Asante, nyanya," ingawa Dorca hakuwa na mjukuu hata mmoja.

Gordon aliwakaribisha vizuri. Alifungua faili, akaipindua fomu ili Obiero asome.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Hapa imeandikwa ngapi?"

"Mawili."

"Na hili la tatu limetoka wapi?"

"Lilikuwepo."

"Bwana Obiero, wewe ni karani wa kamati. Ni wewe umeniandikia makaburi matatu ya ndizi kwa jirani yako. Nairobi wamenicheka. Wamefunga daftari la makaburi. Tangu habari ile itoke, nimeletewa makaburi kumi na manane mapya. Kuna mzee amenionyesha kaburi la mtu niliyesalimiana naye barabarani." Alifunga faili. "Una kibali cha mazishi?"

"Kilikwenda na maji. Mafuriko ya mwaka wa tisini, sanduku zima."

"Huwa ni mafuriko."

Dorca akainua kichwa.

"Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Mimi? Baba yangu ni mtu wa Seme, mama."

"Seme msichana huzikwa wapi?"

Gordon aligeuza kalamu mkononi. "Najua, mama."

"Unajua. Mbona hukuuliza?"

"Fomu ina mahali pa makaburi ndani ya boma. Haina mahali pa nje."

"Nani aliiandika?"

"Watu wa ofisi."

"Na nilipotaka kuwaambia watu wa ofisi, niliambiwa nikae chini."

"Si mimi niliyekuambia ukae, mama," Gordon akasema kwa sauti ya chini, na macho yake yakamgusa Obiero, yakaondoka.

Kilichofuata alikisema upesi, kama mtu anayetaka kumaliza. Mabomba yameshateremshwa, ramani imepigwa muhuri. Lakini ikiwa kamati itaandika barua, wanakamati watano watie sahihi na mwenyekiti apige muhuri, kwamba kaburi lipo, yeye ataipeleka juu. Pengine watasogeza mtaro hatua tano. Hatua tano zinatosha. Wana siku saba.

Nje, kwenye jua la mchana, Obiero alisema, "Unaona, kuna njia."

Dorca alikuwa anafunga leso kiunoni. "Ipo kwa kaka yako," alisema.

*

Dishon aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akamrudishia.

"Siwezi."

"Mzee, ni hatua tano tu."

"Hatua si neno. Soma ulichoandika. 'Sisi kamati tunathibitisha kwamba orodha tuliyotoa haikuwa kamili.' Unajua maana yake? Fidia ya kijiji kizima itasimama. Watasema kamati ni ya waongo. Walter ametuharibia mara moja, sasa na wewe?"

"Nibadilishe maneno."

"Badilisha. Bado utakuwa unaniambia nipige muhuri, jina langu likae kwa serikali, kwamba nyumba ya baba yetu ina msichana nje. Nina binti watatu, Obiero. Wewe una mmoja." Dishon hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyenunua sanduku la Perez mwaka ule wa themanini na nane. Sasa alimshika mdogo wake mkono. "Mwache alale. Wakati mwingine mashine hupita na haigusi kitu. Kaburi ni refu kwenda chini."

"Na mtaro nao ni mrefu."

"Mwache alale, ndugu yangu."

Wanakamati wengine watano walisema watatia sahihi mwenyekiti akishatia. Obiero alizunguka kwa siku mbili na barua ikiwa kwenye mfuko wa nyuma, ikachakaa kwa jasho. Siku ya tatu Dorca alimwambia achukue karatasi nyingine. Aandike yeye, baba, na yeye mama aweke kidole. Obiero aliandika. Alipofika kwenye jina la marehemu alisimama muda mrefu kabla ya kuliandika.

Dorca aliipeleka Kisumu peke yake. Gordon alikuwa amekwenda Nairobi. Mwanamke wa mapokezi alipiga muhuri wa kupokea, akaitia barua kwenye trei iliyojaa, akamwambia watawasiliana.

*

Mashine ilifika Alhamisi. Dereva wake aliitwa Bakari, Mswahili wa Kisumu mjini, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Alipomkuta mwanamke ameketi chini kwenye mstari wa vigingi, alizima injini akateremka.

"Mama, kuna nini?"

"Mtoto wangu yuko hapa."

Bakari alimtazama Obiero, aliyekuwa amesimama kando ya ua. Obiero akatikisa kichwa kukubali. Msimamizi, kijana mwenye redio begani, akasema habari za makaburi zimeisha, daftari limefungwa, na kama mama hataki kuondoka, polisi wa chifu wako hapo barabarani. Aliongea na redio kwa muda. Redio ikamjibu kwa Kiingereza.

"Wanasema kama kweli lipo, wenyewe walitoe," akasema. "Mpaka saa nane. Saa nane mtaro unaendelea."

"Mimi nakwenda kula," Bakari akasema. "Tena leo nina njaa kubwa, nitakula polepole. Chimbeni, mzee."

Kufukua maiti kuna wazee wake na utaratibu wake, na hakuna mtu wa ukoo aliyesogea. Walisimama upande wa pili wa manyara wakitazama, Dishon akiwa mbele. Walter peke yake alivuka, akiwa na sepetu begani.

"Mimi tayari ni mchimba makaburi," alisema. Hakuna aliyecheka, wala yeye hakucheka.

"Ni wapi hasa?" Obiero akamuuliza mkewe.

"Hujui ni wapi?"

Hakujua. Miaka minne hakuwahi kupita hapo. Siku ya mazishi palikuwa na mti mdogo wa siala upande wa kichwa. Mbuzi waliula, mafuriko yakaja, matope ya mto yakafunika kila kitu kwa kina cha goti, na ua wenyewe ulipandwa upya. Dorca alikuwa akija kila mwezi, akisimama mahali alipodhani ni penyewe. Akaonyesha. Wakachimba.

Walichimba mpaka kifuani. Udongo wa Kano mweusi ukikauka ni kama tofali, na jembe lilikuwa likiruka. Obiero alivua shati. Mikono ilimchubuka, akaendelea. Kila jembe liliposhuka alilizuia mwishoni, akiogopa kupiga. Walipata mizizi. Walipata kigae cha chungu. Dorca aliingia shimoni akawa anapekua udongo kwa vidole.

"Sogeeni upande huu," alisema. Wakasogea. Hakuna. "Basi huku." Huku nako hakuna.

"Mnaona?" msimamizi akasema. "Ni yale yale ya ndizi."

Obiero alitoka shimoni akiwa amejaa udongo, akamwendea yule kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, akapiga magoti. Watu wa ukoo wake waliona. Dishon aligeuza uso.

"Kijana wangu, nipe mpaka jioni. Yupo. Mimi ndiye baba yake. Yupo."

"Mzee, simama. Mimi naambiwa tu."

Saa nane na nusu Bakari aliwasha injini. Alikuwa amekula polepole kiasi cha uwezo wake. Alishusha ndoo ya mashine taratibu, kama mtu anayeteka maji ya kisima kifupi, akaitazama kila inapopanda. Ya kwanza, udongo. Ya pili, udongo. Ya tatu aliichota hatua tatu kutoka kwenye shimo lao, na ilipopanda, kipande cha ubao kilining'inia kwenye meno ya chuma, na kitambaa.

Bakari alizima mashine. Aliteremka, akavua kofia, akasema maneno ya Kiarabu ya msiba, kisha akaenda kukaa juu ya bomba na mgongo wake umewageukia.

Dorca hakulia. Alivua leso, akaitandika chini. "Hatua tatu," alimwambia mumewe. "Tulikuwa tumekosea hatua tatu. Ungekuwa unakuja na wewe, tungekuwa wawili wa kukumbuka."

Waliokota pamoja, yeye, Obiero na Walter, kutoka kwenye ndoo, kutoka kwenye rundo la udongo, kutoka kwenye ukuta wa mtaro. Msimamizi aliwapa saa moja, halafu nusu saa nyingine ambayo hakuruhusiwa kuitoa. Kisha redio ikasema, na mashine ikarudi kazini.

*

Obiero aliibeba leso mpaka kwenye lango la boma. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya kaka yake.

"Nitamzika ndani. Karibu na mama."

"Obiero," Dishon akaanza.

"Nimesema ndani!"

Dishon akasogea kando. Lakini Dorca alikuja akaweka mkono juu ya leso.

"Hapana. Leo ndiyo unamkaribisha? Alipokuwa na uso hamkumtaka ndani. Alipokuwa na jina hamkulitaja. Nipe mtoto wangu."

"Mama Perez..."

"Nipe."

Akampa. Walter alimsindikiza mpaka barabarani. Dorca alimpeleka Perez Kisumu, kwa kaka yake anayekaa Manyatta, na Jumamosi wakamzika kwenye makaburi ya mji, baina ya watu wa makabila yote, mahali ambapo hakuna ua wa mtu yeyote. Hakurudi Kano kwa wiki moja, kisha kwa mwezi, kisha watu wakaacha kumwuliza Obiero anarudi lini.

Aprili mtaro ulikwisha fukiwa na nyasi zilikuwa zinaota. Gordon aliitisha baraza la mwisho. Alisema kampuni inawashukuru wenyeji kwa kuhusika kwao, akauliza kama yupo mwenye malalamiko. Dishon, kwa niaba ya kamati, akasema hakuna. Obiero akasimama.

"Nyuma ya ua wangu palikuwa na kaburi," alisema. "La binti yangu. Anaitwa Perez. Hakuolewa. Niliulizwa nikamkana, na mama yake alipotaka kusema, nilimnyamazisha mimi."

Mwanamke mmoja mzee upande wa nyuma alianza kulia, akamtaja msichana wake mwenyewe kwa jina, na mwingine akataja wa kwake, mpaka chifu akapiga meza. Gordon alikuwa ameshika kalamu. Alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Chifu akamshukuru Bwana karani kwa maoni yake, akafunga baraza kwa maombi.

Hasara yenyewe ni hii. Kampuni ililipa mahindi ya nusu ekari na miti miwili iliyokatwa. Watu wa Nyakach, ambao Desemba waliomba waahirishe, waliyasikia maneno ya baraza, wakatuma salamu na kubaki kwao. Anyango yuko nyumbani, anampikia baba yake, hawaongei sana. Dorca ana chumba kimoja Manyatta na meza ya kuuzia mboga. Obiero akienda kumwona humpa chai, humuuliza habari za mvua, kisha humsindikiza kituoni kama anavyosindikizwa mgeni. Kwenye makaburi ya mji lipo fuvu, zipo nyonga, mifupa miwili ya mapaja, mguu mmoja mzima na mwingine nusu, mkono wa kulia, na pingili kumi na nne za mgongo. Kano, chini ya bomba, kuna taya la chini, mbavu za upande mmoja, na mkono wa kushoto kuanzia kiwiko.